Figo ya mjamzito "imetanuka": si kwamba imeharibika

Dada mmoja wa Moshi, mimba ya wiki 34, alifanyiwa kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili) kwa maumivu ya tumbo upande wa kulia. Walihofia kidole tumbo. Kidole tumbo salama, ila ripoti ikasema figo ya kulia imetanuka kidogo. Kufika jioni ukoo mzima ulishaamua: figo zinakufa.

Hapana. Kilichotanuka si nyama ya figo, ni njia ya kupitishia mkojo. Homoni ya projesteroni huilegeza, na mji wa mimba, ambao kwa kawaida huelemea kulia, huubana mrija wa mkojo utokao kwenye figo, pale mrija huo unapoingia kwenye nyonga. Mkojo unapanga foleni. Ndiyo maana kulia hutanuka kuliko kushoto, na mara nyingi hali hurudi sawa wiki chache baada ya kujifungua. Hata mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya mji wa mimba huonekana bapa mama akilala chali. Uzito tu.

(Na MRI haina mionzi ya eksirei, ni sumaku na mawimbi ya redio.)

Homa, maumivu makali ya kiuno au mkojo wenye damu ni habari nyingine: rudi hospitali siku hiyohiyo.