Kwa Nini Picha Isiyo na Mtu Wala Nyumba Hukukumbusha Kwenu?

Mwombe mtu aliyekulia Mkomani, kisiwani Lamu, akueleze nyumba ya bibi yake. Huenda asianze na idadi ya vyumba. Atataja ubaridi wa ukuta wa matumbawe mgongoni, weupe wa chokaa, mwanga ukishuka kiwandani, ule uwa wa ndani usio na paa. Kisha zidaka, vishubaka vya lipu vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu. Sura za watu huja baadaye, na nyingine hazirudi kabisa.

Mchoraji wa picha dhahania, yaani isiyoiga sura ya kitu halisi, huanzia hapo penye ubaridi na mwanga. Haigi nyumba. Huchukua rangi, mstari na mrudio, mambo yanayomkaa mtu hata akisahau nani alisema nini.

Tena kumbukumbu haikai kichwani kama picha ya kamera. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza katika kitabu cha mwaka 1932 jinsi alivyowasomesha Waingereza ngano ya wenyeji wa Marekani Kaskazini, kisha akawataka waisimulie. Mitumbwi ikageuka mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Kila msimuliaji aliziba mapengo kwa anayoyajua. Picha dhahania huyaacha mapengo hayo wazi makusudi, na mtazamaji huyajaza kwa yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mchoraji Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani, na humo ndimo alimojifunza kuandika. Alisomea uchoraji London, akarudi na kufanya maonyesho Khartoum, lakini watu hawakuvutiwa. Badala ya kuwalaumu, alikwenda kutazama walichokuwa wakitundika majumbani mwao: maandishi ya Kiarabu na nakshi za kazi za mikono. Akaanza kuzivunja herufi vipande vipande, na ndani yake zikatoka sura za watu, wanyama na mimea. Picha yake kubwa ya mwaka 1961 hadi 1965 inahusu sauti za ndoto za utotoni. Si dhahania tupu, kwani ina sura ndefu kama vinyago, ila mistari yake bado ina mwendo wa kalamu ya chuoni.

Hupenda kusemwa kwamba sanaa dhahania ilizaliwa Ulaya, kwa wachoraji Hilma af Klint mwaka 1906 na Wassily Kandinsky miaka michache baadaye. Kwa jina hilo, sawa. Lakini mafundi wa lipu wa Lamu walikwishapamba kuta kwa maumbo matupu katika karne ya 18. Hawakuwa wakichora kumbukumbu, nakubali, ila jicho lililokulia mbele ya zidaka limezoea kusoma umbo lisilo na sura.

Sasa chukua turubai jeupe la mchoraji lenye rangi ya manjano inayoyeyuka kuelekea chini. Mgeni ataona manjano. Aliyewahi kuandikiwa kombe utotoni, ile dawa ya aya za Kurani zinazooshwa kwa maji yakanywewa, ataona sahani nyeupe, aya za zafarani zikiachia majini herufi baada ya herufi, usiku wa homa, na mkono wa mama ukimwinulia kichwa anywe.