Slaidi ya safura haisubiri

Ripoti ya upimaji wa minyoo ikinifikia mezani, sianzi na asilimia ya walioambukizwa. Naangalia kwanza slaidi, vile vioo vyenye kinyesi vinavyotazamwa kwa hadubini, zilisomwa muda gani baada ya kutengenezwa. Kama hilo halikuandikwa, namba ya safura, mnyoo anayefyonza damu utumboni, siiamini.

Tafiti nyingi za minyoo katika jamii hutumia njia ya Kato-Katz, iliyoboreshwa na Naftale Katz na wenzake huko Brazili mwaka 1972. Unachuja kinyesi kwenye wavu, unakijaza kwenye tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7, unakifunika kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, unakandamiza. Mayai utakayoyahesabu chini ya hadubini unayazidisha kwa 24, ndiyo idadi kwa gramu moja.

Gliserini inang'arisha kinyesi ili mayai yaonekane, na hapo ndipo penye mtego. Yai la safura lina ganda jembamba mno: unaona mstari mwembamba tu, na ndani yake seli chache za kijivu. Baada ya nusu saa hivi linaanza kufifia, na ikipita saa moja hata jicho zoefu linaweza lisilione. Yai la minyoo mjeledi, lenye umbo la pipa lililozibwa ncha zote mbili, halina haraka hiyo. Wala lile la minyoo ya mviringo, la kahawia na lenye manundu. Hayo hata kesho utayakuta.

Kwa hiyo timu ikitengeneza slaidi nyingi kwa mkupuo huku wasomaji ni wawili, za mwisho zitasomwa safura ikiwa imeshatoweka. Tengenezeni chache, someni safura kwanza, mengine yasubiri. Na sampuli isilale: kwenye joto letu mayai ya safura yanaendelea kukua hadi kuangua.

Nasisitiza hili kwa sababu namba hizi ndizo zinazogawa dawa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, maambukizi yakifika asilimia 20 watoto wanapewa dawa mara moja kwa mwaka, yakifika 50 ni mara mbili. Wilaya ambayo mnyoo wake mkuu ni safura inaweza kushushwa chini ya mstari wa asilimia 20 na slaidi zilizochelewa tu, na albendazole, dawa yenyewe ya minyoo, ikakatwa.

Kadiri ugawaji wa dawa unavyoendelea kwa miaka, kazi inazidi kuwa ngumu. Walioambukizwa wanabaki na minyoo michache, mayai ni ya kutafuta kwa tochi. Yai moja kwenye slaidi ni mayai 24 kwa gramu. Aliye chini ya hapo slaidi moja humkosa kirahisi. Slaidi mbili zinasaidia, ila kinyesi cha siku ya pili kinasaidia zaidi, maana utagaji hubadilika siku hadi siku. PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya mnyoo, inaona zaidi, lakini gharama na vifaa vyake bado vinazishinda maabara nyingi za wilaya.

Kuna pengo jingine linaloniuma. Sampuli tunazichukua shuleni kwa sababu watoto wapo pamoja na ni rahisi kuwafikia. Kwa minyoo ya mviringo na mjeledi hiyo ni sawa, kwani hujazana zaidi kwa watoto. Safura huongezeka kadiri mtu anavyokua, na mkulima anayelima pekupeku anaweza kuwa na mingi kuliko mwanawe. Mama mjamzito mwenye safura anapoteza damu wakati anapoihitaji zaidi. Hawa hawamo kwenye ripoti za shule. Ningependa kila upimaji wa wilaya uongeze kaya chache jirani na shule, wapimwe na watu wazima.