Kambale hai wa chambo: atoke wapi, asafiri vipi, na aliyebaki aende wapi

Mvuvi wa ndoano Ziwa Victoria akitaka sangara, kitu cha kwanza anachotafuta ni kambale wachanga walio hai, wenye urefu wa kidole. Furu, samaki mdogo wa ziwani, naye huliwa na sangara kwa hamu, ila akishachomwa ndoano hamalizi usiku. Kambale hudumu. Juu ya mashavu yake ana kiungo chenye matawi kama mti mdogo, ndicho anachovutia hewa kutoka juu ya maji. Sifa hiyo moja inaeleza kwa nini ndiye chambo bora, kwa nini hufa dumuni kwa namna inayowashangaza watu, na kwa nini ni hatari kumwaga waliobaki popote unapojisikia.

Nianze na mahali anapotoka, kwa sababu hapo ndipo sheria huvunjwa zaidi. Vifaranga wa kambale hukaa kwenye mafunjo na madimbwi ya kando ya ziwa, na njia rahisi ya kuwapata ni kukokota chandarua au kokoro dogo (wavu wa kukokota) kwenye maji ya kina cha magoti. Zana zote mbili ni haramu, na kusema "natafuta chambo tu" hakuzihalalishi. Mwaga kilichomo kwenye chandarua ukihesabu: pamoja na kambale kumi unaowataka kutakuwa na sato na sangara wadogo kuliko kiberiti, yaani samaki wa miaka ijayo. Unaua sangara ili umvue sangara. Furu wachache unaweza kuwapata kihalali kwa ndoano ndogo na mnyoo, ukiwa na leseni yako ya uvuvi. Kwa mwenye migonzo (mishipi mirefu) ya ndoano mia kadhaa, hesabu hiyo haifiki popote, na ushauri wangu haubadiliki: nunua kambale waliototoleshwa shambani.

Shambani chagua wenye sentimita 5 hadi 10, na wawe wamechambuliwa kwa ukubwa. Kambale hulana. Wakiwa wadogo humshika mwenzao mkiani na kumla nusu. Wakikua kidogo, mkubwa humeza mdogo mzima kuanzia kichwani. Ukichanganya wa sentimita 4 na wa 9 kwenye tangi moja kwa siku tatu, utalipia mia moja uwatumie sitini. Usinunue wa chini ya wiki nne hata kwa bei ya kutupa. Kile kiungo cha kuvutia hewa hakijakomaa, kwa hiyo wanategemea oksijeni ya majini kama samaki wengine, na dumu litawamaliza. Isitoshe, chambo kidogo mno huita sangara wadogo, wakati sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa.

Sasa safari. Siku moja kabla ya kuondoka usiwalishe kabisa. Samaki aliyeshiba hujisaidia njiani, uchafu huo hutoa amonia yenye sumu, na maji huanza kutoa povu na harufu ya choo. Watu wengi wakiona povu hudhani hewa imekwisha, wakaanza kukoroga. Dawa yake ni kubadilisha maji.

Dumu la lita 20 litie lita 10 za maji, si zaidi. Hili naliona likikosewa karibu kila mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Mtu hujaza dumu hadi shingoni akiamini maji mengi ndiyo uhai mwingi, kisha anafunga kifuniko. Kambale mia mbili humaliza oksijeni ya maji yale mapema, wanapanda kuvuta hewa, wanakuta plastiki. Wanakufa kwa kuzama, samaki ndani ya maji! Kata dirisha pana ubavuni mwa dumu, lilaze upande, funika dirisha kwa wavu mlaini, maana kambale huruka. Katika lita 10 sizidishi vifaranga 200 wa sentimita 5 au 6 kwa safari ya saa mbili au tatu. Wakiwa wa sentimita 10, nusu ya hapo. Gramu 3 za chumvi ya kawaida kwa kila lita hupunguza mshtuko na husaidia ngozi iliyochubuka. Mifuko ya oksijeni (theluthi maji, theluthi mbili gesi) iwe ya vifaranga wadogo na safari ndefu.

Dumu lenyewe lisiwe lilibeba mafuta ya taa au dawa ya shamba, hata kama limeoshwa mara tano. Ndoo ya bati nayo iache nyumbani, kwa sababu zinki inayoyeyuka humdhuru samaki. Maji ya bomba yana klorini: yaweke wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Safiri alfajiri. Kukiwa na joto kali, funga barafu kwenye mfuko na uuache uelee juu ya maji. Usiitumbukize moja kwa moja, kwani joto likishuka ghafla huua kama lile la kupanda. Ukifika, usiwamwage. Changanya maji ya kwako na ya tangi kidogo kidogo kwa dakika 20.

Kwenye tangi waweke kivulini na ubadilishe theluthi moja ya maji kila siku. Wanaoogelea ovyo au wenye utando mweupe kama pamba watoe mara moja. Utando huo ni ukungu, na karibu kila mara huanzia kwenye mchubuko wa wavu wenye mafundo au wa mkono mkavu. Lowesha mkono kabla ya kumshika, na ujihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani.

Kwenye ndoano, chomeka kwenye nyama ya mgongo, nyuma ya fuvu, juu ya uti. Ukienda chini ukaugusa uti, amepooza. Ukipita tumboni atakufa kabla hujamaliza kutega mstari. Fuvu lake ni mfupa mtupu, kwa hiyo usijaribu kichwani.

Nakuja kwenye sharti ambalo wengi hulipuuza: chambo hai na maji yake visivuke kutoka ziwa moja kwenda jingine. Tanzania na Kenya zote mbili zinataka kibali kabla samaki hai hajahamishwa kutoka maji fulani kwenda mengine, na ukivuka mpaka unahitaji vibali vya pande zote na hati ya afya ya samaki. Kabla ya kupakia, muulize ofisa uvuvi wa wilaya, na ubaki na risiti ya shamba ulikonunua.

Sababu si urasimu. Ngege, yule sato wa asili wa Victoria, karibu ametoweka ziwani, lakini bado yupo Ziwa Kanyaboli huko Siaya, Kenya, kwa sababu sangara hajafika. Ndoo moja ya chambo kilichovuliwa Victoria, yenye vifaranga wa sangara usiowatambua, inatosha kubadilisha hilo. Ziwa Chala, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lenye sato wake asiyepatikana kwingine, tayari limeletewa sato wa kigeni. Magonjwa nayo husafiri. Mwaka 2006 na 2007 ugonjwa wa vidonda uliwakumba samaki wa mito ya Chobe na Zambezi, kusini mwa Afrika, kambale wakiwemo, na kinachousababisha ni kimelea kama ukungu ambacho mbegu zake huogelea majini. Hata kikombe kimoja cha maji hukibeba. Vipande vya gugumaji vilivyonasa kwenye wavu au mtumbwi navyo huota upya vikifika kwenye maji mengine.

Kwa hiyo, waliobaki jioni warudishe kwenye tangi lako. Kama huna tangi, wapike, au wape kuku. Usiwaachie bwawani kwa jirani. Kambale hutambaa kwenye majani yenye unyevu na hatabaki ulipomwacha. India ilikwisha kupiga marufuku ufugaji wake kwa sababu hiyo ya kuvamia maji ya wengine. Maji ya dumu yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji, kisha lianike dumu na wavu juani hadi vikauke kabisa, vifundo vya wavu vikiwemo.