Semi-holo: nusu ya nini?

Nimekutana tena na tangazo la "besi semi-holo ya zamani, inauzwa", na pichani ni Höfner 500/1, lile gitaa la umbo la fidla ambalo Paul McCartney wa Beatles alinunua la kwake Hamburg mwaka 1961. Gitaa zuri mno. Semi-holo silo.

Semi-holo ni gitaa la umeme lenye bodi ya uvungu, ila katikati limepitishiwa gogo la mbao. Zilizoachwa tupu ni mbavu mbili tu.

Kinachowapoteza watu ni hiyo "semi". Ni nusu, kweli, lakini nusu ya nini? Wengine huelewa nusu ya unene, basi kila bodi nyembamba ni semi-holo. Wengine huelewa nusu gitaa kavu, nusu la umeme, basi wakiona matundu ya herufi f wameshamaliza. Epiphone Casino ni jembamba, lina matundu hayo, na ndani ni tupu kabisa. Höfner hilo halina tundu hata moja usoni, na ndani ni tupu vilevile. Kilichogawanywa nusu ni uvungu wenyewe.

Na gogo hilo si pambo. Karibu na mwaka 1940 Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, alichukua boriti ya msonobari ya inchi 4 kwa 4, akaitia shingo na nyuzi, halafu akaipachika mbavu za gitaa la Epiphone ili ifanane na gitaa. Akaiita "Gogo", kwa Kiingereza chake. Kampuni ya magitaa ya Gibson walileta gitaa lao la gogo la kati, ES-335, mwaka 1958, na mwaka huohuo wakatoa besi yake, EB-2. Kwenye besi ndipo gogo linapohitajika hasa: noti nene zikitoka kwenye spika hurudi kuitikisa bodi, na bodi tupu huanza kuvuma yenyewe katikati ya wimbo. Anayepiga dansi mbele ya spika kubwa akinunua Höfner kwa jina la semi-holo, atayajua hayo jukwaani.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, kabla hujaandika, gonga bodi kwa kidole nyuma, kwenye mstari wa shingo, kisha mbavuni. Katikati pakijibu kama mlango na mbavuni pakavuma kama debe, ni semi-holo. Pakivuma kote, andika "holo". Bei yako iache palepale. Höfner la zamani halipungui thamani kwa kuitwa jina lake.