Wahadhiri wanaowaandaa wanafunzi kwa kazi: dhana potofu na ukweli

Kwenye mahafali ya vyuo vikuu vyetu vya Uganda, iwe Makerere, Gulu au Mbarara, wahitimu hupongezwa na wazazi hushukuriwa. Mhadhiri aliyemfunza kijana kusimama mbele ya mwajiri ni nadra kutajwa. Zipo dhana zinazomficha.

Dhana: Kazi ya mhadhiri inaishia darasani, ajira ni shughuli ya ofisi ya ushauri.

Ofisi hiyo inahitajika, lakini haimjui mwanafunzi kama mwalimu wake. Tazama mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa uhandisi yuko kiwandani Jinja, na daftari lake linatiwa saini na msimamizi wa pale. Yuko mhadhiri anayefika, akasaini, akaondoka. Yuko pia anayesema, "Hebu nioneshe hiyo pampu uliyoiandika hapa." Anamwacha kijana aeleze, anamsahihisha, halafu anamfuata fundi mkuu kumwuliza kijana anapungukiwa wapi, ili akirudi chuoni aanzie hapo. Huyu wa pili ndiye anayestahili kutambuliwa.

Dhana: Kumsaidia mwanafunzi ni kumtafutia kazi.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana inamgeuza mhadhiri kuwa dalali na kuufanya upendeleo uonekane wema. Msaada wenyewe ni kumwezesha mwanafunzi ajitetee mwenyewe. Hata barua ya kumpendekeza ina uzito wake: "ana bidii na nidhamu" haimwambii mwajiri lolote, kwa kuwa kila mwombaji anayo hiyo. Barua inayotaja mradi aliofanya na tatizo alilolitatua inaandikwa na mtu aliyekuwa akimfuatilia.

Dhana: Hayo ni ya sayansi na ufundi tu.

Kweli, Kiira EV, gari la umeme la watu wawili lililozinduliwa 2011, lilitoka mikononi mwa wanafunzi na wahadhiri wa Makerere wakiongozwa na Profesa Tickodri-Togboa, na mbegu hiyo ikazaa kampuni ya Kiira Motors. Lakini Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watatoka wapi? Mhadhiri wa Kiswahili anayekaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya ualimu, akinakili kila swali ambalo mwanafunzi wake ameshindwa kulijibu, anaandaa ajira vilevile.

Dhana: Kumtambua mhadhiri wa namna hii, cheti na picha vinatosha.

Vinatia moyo, ila kupanda cheo chuoni kunategemea sana machapisho, na kutoka Kampala hadi Jinja, kilomita 80 hivi, hakuzai makala. Kazi hii ihesabiwe kwenye cheo, na nauli ilipwe. Anayestahili atajwe na wahitimu waliokwisha kukaa kazini miaka miwili mitatu. Mwanafunzi anayesubiri alama kutoka kwa mhadhiri huyohuyo hawezi kusema kwa uhuru.