Kuchangia askari wastaafu: yanayosemwa na ukweli wake

Aliyekuwa kijana jeshini wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, leo ameshapita miaka 60. Wazee hao tunao Unguja na Pemba. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016, ni ya mwenye miaka 70 na kuendelea, kwa hiyo jumuiya inayowashika mkono kabla ya hapo ina kazi kubwa. Inauma basi kuona watu wenye moyo wa kutoa wanachagua pa kutoa kwa kusikia tu.

“Ikishatajwa askari, pesa iko salama.”

Jina halilindi kitu. Marekani, Julai 2018, Tume ya Biashara ya Shirikisho pamoja na mamlaka za majimbo zilitangaza zaidi ya hatua 100 za kisheria dhidi ya waliochangisha kwa udanganyifu kwa jina la askari wastaafu. Taasisi moja, Help the Vets, ilidaiwa na tume hiyo kwamba kati ya 2014 na 2016 asilimia 95 ya michango ilikwenda kwenye kuchangisha, uendeshaji na malipo ya mwanzilishi wake. Waliotoa waliambiwa pesa zinatibu majeruhi.

“Jumuiya safi haigusi hata senti kwa ofisi.”

Hii ndiyo inayoharibu zaidi, na inashangaza kuisikia kwetu, maana aya ya 60 ya Surat At-Tawba inawataja wanaoitumikia zaka miongoni mwa wanaostahiki kupewa. Kazi ina gharama.

Mchukue mzee wa Micheweni, Pemba, aliyekatwa mguu. Mguu wa bandia haununuliwi dukani kama kiatu. Lazima apimwe, aujaribu, ajifunze kuutembelea, kisha arudi tena, kwa sababu kigutu hupungua na mguu ukaanza kulegea na kumchubua. Kama fundi yuko Unguja, hapo pana nauli ya boti, yake na ya mtu wa kumsindikiza, na pahala pa kulala. Na lazima awepo mtu anayelipwa kumpigia simu na kumfuatilia. Mshahara wa mtu huyo ukiandikwa “uendeshaji”, jumuiya hii itaonekana mbadhirifu kuliko ile iliyoshusha viti vya magurudumu bandarini Mkoani, ikapiga picha, ikaondoka.

Mwaka 2013 wakuu wa GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, taasisi za Marekani zinazofuatilia mashirika ya hisani, waliwaandikia wachangiaji barua ya wazi wakiwasihi wasipime shirika kwa asilimia ya uendeshaji peke yake. Asilimia yenyewe hupambwa. Dawa na nguo zilizotolewa bure hupewa thamani kubwa kwenye vitabu, na gharama za kuomba pesa huingizwa chini ya “elimu kwa jamii”. Hata hivyo, jumuiya inayomaliza zaidi ya nusu ya michango kwa kuchangisha tu, mwaka baada ya mwaka, mimi siipi.

“Ina cheti cha usajili.”

Vizuri, na isiyo nacho iache. Lakini cheti kinaonyesha jumuiya ipo kisheria. Hakisemi pesa ya mwaka jana ilikwenda wapi. Hilo liko kwenye hesabu zilizokaguliwa.

“Ukishatoa, dhima ni yao. Kuuliza ni kumvunjia mtu heshima.”

Mshika fedha mwaminifu hakasiriki akiulizwa. Daftari lake ndilo linalomsafisha. Muulize mwaka jana wazee wangapi walisaidiwa, katika shehia zipi, kwa kitu gani, na nani alirudi kuwaangalia. Kisha mpigie sheha wa mojawapo ya shehia hizo umuulize kama watu wa jumuiya walifika kweli. Ukipewa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi, omba akaunti ya benki yenye jina la jumuiya, na usitume chochote mpaka uipate.