Insulini haibebi sukari

Mara nyingi utasikia ikielezwa kwamba insulini, homoni itolewayo na kongosho, huibeba sukari na kuiingiza ndani ya seli, kama hamali na gunia. Ni picha rahisi kukumbuka, ila si kweli.

Insulini ni peptidi, yaani protini fupi, yenye asidi amino (vijenzi vya protini) 51, na haiyeyuki katika mafuta. Utando wa seli ni mafuta, kwa hiyo insulini haiwezi kuupenya. Kazi yake ni kubisha hodi tu. Hujishikiza kwenye kipokezi, protini iliyopenya utando, kichwa nje na mikia miwili ndani. Kipokezi hubadili umbo, mikia yake hiyo ikakaribiana, na kila mmoja ukaubandika mwenzake fosfati, kikundi kidogo cha kemikali. Alama hizo ndizo ujumbe wenyewe. Ujumbe hupokezanwa na protini za ndani hadi vijifuko vyenye milango iitwayo GLUT4 vinaposogea na kuungana na utando. Hapo glukosi, yaani sukari ya damu, hupita yenyewe, kutoka iliko nyingi kwenda iliko chache, na insulini hata haijaigusa.

Hayo ni ya misuli na seli za mafuta. Ini na ubongo hupitisha glukosi kwa milango mingine isiyongoja insulini.

Ndiyo maana katika kisukari cha aina ya pili mtu anaweza kuwa na insulini tele na sukari bado juu: hodi inabishwa, ujumbe unafifia ndani.

Kichekesho ni kwamba baadaye insulini huingia kweli. Seli huimeza pamoja na kipokezi, kisha huivunjavunja. Kipokezi mara nyingi hurudishwa kazini.